Umeme wa Bata Kilema

Jumatatu, 3 Machi

Nimedhalilishwa. Tena hadharani. Tena mbele ya kasisi!

Kasisi mpya, Harriet, alikuja leo mchana katika Baa ya Bata Kilema kujitambulisha kwa watu wa mtaa. Nikasimama kiungwana, nikampa mkono, nikamwambia kwamba jina langu ni Gerald Wetherby, mkaguzi wa mizani mstaafu, ila hapa wananiita Umeme kwa sababu ya kasi yangu. Baa nzima ikapasuka kwa kicheko. Queenie, mwenye baa, alishikilia kaunta asianguke. Terry Maddocks, muuza samaki na nahodha wa timu yetu ya kurusha vishale kibaoni, alitema bia. Hata kasisi alicheka, kwa adabu, huku akitazama viatu vyake.

Sikuelewa. Nikacheka nao nisionekane mshamba.

Nimekuja kuelewa nyumbani, nafua soksi. Reg Tapsell ni pande la mtu, akipita mlangoni anapita kwa ubavu. Wanamwita Kadogo. Alf Pym hana unywele hata mmoja kichwani. Wanamwita Mawimbi. Na mimi, ambaye kabla ya kurusha kishale hupenda kwanza kufuta miwani, kupima upepo na kutafakari, wananiita...

Miaka sita! Miaka sita nimeitikia jina hilo kifua mbele. Nimelitia mpaka kwenye kadi za Krismasi!

Nikamwuliza mke wangu Beryl kama alikuwa anajua. Beryl ni mzaliwa wa hapahapa Bermondsey, London. Akasema mtaa mzima unajua, hata mbwa wa Terry anajua, na kama nimemaliza kununa nipande zangu matufaha na mapeasi nikamletee sweta. Maana yake ngazi. Watu wa huku hawawezi kuita kitu kwa jina lake, lazima wakizungushe mpaka kipate kizunguzungu. Mimi natoka Guildford, ambako mtu akitaka kusema ngazi, anasema ngazi.

Jumamosi ni fainali, sisi na Baa ya Jogoo Mweupe. Nimeisubiri fainali hii tangu nijiunge na timu. Siingii fainali nikiwa kichekesho. Kabla ya Jumamosi, ama jina hilo litakuwa la kweli, ama litakuwa limekufa.

Jumanne, 4 Machi

Leo ni siku ya chapati za maji, mkesha wa Kwaresima, na kanisa lina mbio zake kama kila mwaka. Unazunguka kanisa mbio, kikaango mkononi, na kila kona unairusha chapati juu na kuidaka. Nafasi ya dhahabu! Nikishinda, Umeme ni Umeme kwelikweli, na tuone nani atacheka.

Kinachowachelewesha watu ni kuokota chapati iliyoanguka. Mimi nikatumia akili. Nikaipaka yangu asali chini, nyingi, ikashikamana na kikaango barabara. Kwenye kona ya kwanza nilikuwa wa tatu. Wa tatu! Hapo akasimama msimamizi, Bi Edna, mama wa miaka themanini na kitu, akasema hajaiona chapati ikiruka. Nikatikisa. Haikutoka. Akasema nitikise vizuri, yeye hana haraka. Nikatikisa kwa nguvu zangu zote. Kikaango ndicho kilichoruka, na chapati yake ndani.

Mbwa wa Terry alikidaka hewani. Akatoka nduki kupitia makaburini, mimi nyuma. Aliyejenga makaburi yale hakuwafikiria wakimbiaji.

Niliporudi walikuwa wanakunja meza. Terry akaniambia kwa uso mkavu kwamba nilipita kwa kasi hata hawakuniona, walihisi upepo tu. Kadogo akanipigapiga mgongoni, karibu mapafu yatoke, akasema siku nyingine nimwachie mbwa nafasi kidogo, naye ana moyo. Watu hoi, mbavu hawana.

Kwa dakika nzima nilidhani Terry anasema kweli. Ndicho kinachoniudhi zaidi. Mtu huyu niliwahi kuikagua mizani yake dukani, nikaikuta iko sawasawa, na tangu siku hiyo sijawahi kumpata kwa lolote.

Jumatano, 5 Machi

Mpango mpya, na huu hauna asali.

Nimekaa mchana kutwa kwenye kona ya baa nikiwasikiliza. Nimeugundua mtindo wao. Kila mmoja anataniwa kwa mwili wake au umri wake, na anayetaniwa anacheka na kuagiza bia. Kumbe ruksa! Miaka sita nimekuwa nikipokea tu bila kutoa. Basi leo nitatoa. Na mimi nitatoa kitaalamu, maana wao hupotosha vipimo, wanamwita mnene kadogo. Mimi nimelipwa maisha yangu yote kusema kipimo sahihi.

Jioni, timu nzima ilipokuja kufanya mazoezi, nikagonga glasi kwa kijiko, nikasimama. Nikamwambia Kadogo kwamba yeye ni mnene, mnene sana, na viti vya baa hii vinamwogopa. Nikamwambia Mawimbi kwamba ana upara, na upara wake unarudisha mwanga machoni mwangu ninapolenga. Nikamwambia Queenie kwamba hamsini na tano anayoisema ni ya zamani, kwa hesabu zangu sasa ni sitini na tatu. Nikammalizia Terry: mkewe hakwenda Margate kwa ajili ya hewa ya bahari, alikimbia harufu ya samaki.

Kimya! Hakuna aliyeweza kujibu. Hata mmoja! Kadogo aliangalia ndani ya glasi yake. Mawimbi akavaa kofia. Queenie akaokota kitambaa akaanza kufuta mahali palipokwisha kufutwa. Mwishowe Terry akasema hayo niliyosema yanavutia sana.

Yanavutia sana! Sifa, kutoka kwa Terry Maddocks! Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Alhamisi, 6 Machi

Heshima hatimaye!

Nimeingia Bata Kilema leo, Queenie akanisalimu: "Habari za mchana, Bwana Wetherby." Bwana Wetherby! Jana tu alikuwa akinibwagia bia mbele yangu na kusema, "Haya kunywa, gogo wewe." Leo akauliza kama bia imenipendeza. Kadogo akanipisha kiti. Mawimbi akasema hali ya hewa ni nzuri. Hakuna aliyeniita Umeme, wala aliyenikanyaga, wala aliyeuliza kama chapati imeshapona.

Terry naye akanisogelea, akasema kwa heshima zote anazonipa, wameona nastahili mapumziko Jumamosi. Dunstan wa posta atarusha badala yangu. Akasema pia kwamba ni lazima siku moja nifike kwake kwa chakula cha jioni. Nikatoa kalamu, nikauliza siku gani. Akasema, "Siku moja," akaondoka. Nikamshukuru.

Nilikuwa navua viatu nyumbani ndipo ikanigonga. Mapumziko? Jumamosi ni fainali! Wamenitoa kwenye timu! Wamenitoa, na mimi nikasema asante!

Nimemweleza Beryl, nikitegemea atachemka pamoja nami. Hakuchemka. Alikaa akanitafsiria, mimi mtu mzima, kana kwamba nimeshuka meli leo. Kwamba huku ukisikia yanavutia sana, ujue unaambiwa funga mdomo. Kwamba kwa heshima zote maana yake ni punda wewe. Kwamba siku moja uje kwa chakula maana yake usionekane hata getini. Na kwamba wakikuita gogo, wewe ni wa nyumbani. Siku watakayokuita Bwana, anza kutafuta baa nyingine.

Nikasema huo ni upuuzi, kwa nini hawakusema tu? Beryl akasema wamesema kutwa nzima, ni mimi sikusikia.

Halafu akasema jambo ambalo sikulipenda. "Umemwita Reg mnene, Gerald. Reg kaambiwa na daktari juzijuzi moyo wake hauwezi tena kuubeba uzito ule. Analia chumbani, mkewe kaniambia. Sisi tunamwita Kadogo ili lile neno asilisikie popote, angalau akiwa baa. Huo ndio utani. Wewe umemtukana."

Nikamwuliza, kwa hiyo kumwita mtu asivyo ni wema, na kumwita alivyo ni tusi? Nchi gani hii? Nani anaisimamia?

Akaniambia tu, "Gerald." Beryl huniita mzee kichwa maji. Gerald ni jina la misiba. Kisha akasema amechoka, anapanda ngazi.

Alisema ngazi! Bermondsey damu, tangu nimwoe sijamsikia akisema ngazi. Nimeogopa.

Ijumaa, 7 Machi

Beryl amenishauri asubuhi, akiwa amepoa kidogo. Niende baa, nijikwae kwenye zulia au nimwage kitu, wacheke, niwanunulie watu vinywaji, na nisifungue mdomo. Basi. Yataisha.

Nimekataa. Sijikwai kwa makusudi, mimi si mwanasarakasi. Kosa lililofanywa kwa maneno husahihishwa kwa maneno. Nimeandika tamko la kuomba radhi, kurasa nne, lenye vichwa vidogo, na leo jioni nimelisoma mbele ya kaunta kwa sauti ya kutosha.

Kwa Kadogo nilisema naondoa neno mnene, na badala yake wasikilizaji waelewe mtu aliyezidi kiwango kilichopendekezwa. Kwa Mawimbi nilisema upara si kosa lake, ni la ukoo. Kwa Queenie nilisema niko tayari kuitambua hamsini na tano kama umri wake wa matumizi ya baa. Kwa Terry nilisema sina ushahidi kwamba mkewe alikimbia samaki peke yake.

Mtu mmoja karibu na mlango alikohoa. Kadogo akasema ni sawa kabisa, Bwana Wetherby, nisijali. Mawimbi akasema ni sawa kabisa. Queenie pia. Ni sawa kabisa, ni sawa kabisa, kama kwaya. Sasa ninajua maana yake bila kutafsiriwa. Hakuna kilicho sawa.

Nikakaa peke yangu meza ya karibu na choo. Nikanunua karanga. Miaka yote hii nikifungua pakiti ya karanga, mikono minne inaingia kabla ya wangu, na kila mara nimelalamika. Niliwahi hata kumwandikia Queenie barua juu ya suala la karanga. Leo nimeila pakiti nzima, peke yangu, hakuna aliyeigusa.

Hazikuwa na ladha. Sijui wananunua wapi karanga zao siku hizi. Nimeumia, na sioni haya kuliandika hapa, maana hapa hapasomwi na mtu. Nataka kurusha kishale kesho. Nataka kusimama pale na wale wapumbavu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda. Si kwa ajili yao. Nimekwenda kwa sababu raia ana haki ya kukaa baa. Nilivaa kofia, nikabanana ukutani kati ya watazamaji.

Bata Kilema ilijaa hadi barabarani. Walikwenda sare, sare, sare, mpaka ikabaki raundi ya mwisho. Nahodha wa Jogoo Mweupe ni Craig Dunmore, mtu wa duka la matairi, anayetafuna njiti ya kibiriti. Kadogo alikuwa amesimama karibu na kibao. Dunmore akamwambia, kwa sauti ya watu wote kusikia: "Sogea, mnene, unaziba taa."

Neno lilelile! Kadogo akasogea. Akatazama vidole vyake, mtu mkubwa vile, akasogea.

Sijui nini kilinipata. Nilijikuta katikati ya chumba. Nikamwambia Dunmore kwamba huyu anaitwa Kadogo na rafiki zake, na kwa kuwa yeye si rafiki, amwite Bwana Tapsell, na asimame anapomwita. Nikamwambia mimi nimekagua mizani ya nusu ya London, na hakuna mtu ndani ya chumba hiki mwenye mamlaka ya kutaja uzito wa mwenzake bila mzani uliothibitishwa. Nikamwambia kichwa chake yeye nikikiweka kwenye mzani, utasoma uzito wa kofia tu.

Dunmore akatema njiti, akakunja mikono ya shati. Jogoo Mweupe wote wakasimama. Bata Kilema wote wakasimama. Meza ikapinduka. Mwamuzi akaingia nyuma ya mapazia. Dunstan wa posta akaingia chini ya benchi, na huko akabaki. Queenie akatoka na ndoo ya barafu, akawamwagia wote. Bahati nzuri Kadogo alimshika Dunmore begani kwa vidole viwili, taratibu, na Dunmore akakaa mwenyewe kama mtoto wa shule.

Terry akajifuta maji ya barafu usoni. Akanitazama kwa muda mrefu. Akauliza watu kama kuna anayeweza kumtoa Dunstan. Hakuna. Akanitazama tena. "Haya, Balozi," akasema. "Njoo urushe wewe."

Balozi! Watu wakaangua kicheko. Sikuwa na muda wa kuuliza. Nilikuwa kwenye fainali!

Nilitakiwa kuingiza kishale kimoja tu kwenye ile pete nyembamba ya nje ya kibao, na kombe lingekuwa letu. Nikafuta miwani. Nikapima upepo. Nikatafakari. Mtu alitoka kwenda kununua vibanzi, akarudi, akavimaliza. Jogoo Mweupe wakamlilia mwamuzi. Kadogo akapaza sauti kutoka nyuma: "Usiharakishe, Balozi, Pasaka bado!" Nikamshukuru kwa kunielewa.

Nikarusha. Kikagonga waya, kikarudi, kikatua katikati ya pai ya Mawimbi.

Tumeshindwa. Kombe limekwenda kwa Dunmore. Nikafumba macho nikisubiri kuitwa Bwana Wetherby.

Badala yake ilikuwa ghasia. Mawimbi alipanda kwenye kiti, akainua pai na kishale changu ndani yake, watu wakaimba. Terry akasema hajawahi kuona shabaha kama ile, pai haikupewa hata nafasi ya kujitetea. Queenie alinibwagia bia mbele yangu, nusu ikamwagika kwenye mkono wa koti langu. "Haya kunywa, gogo wewe." Kadogo akaketi karibu nami, akaweka mkono wake shingoni kwangu, akaila pakiti yangu ya karanga yote bila kuomba. Nilikuwa na makadirio ya uzito wa mkono ule. Kinywa kilikuwa kimejaa bia, kwa hiyo sikuyatoa.

Kuhusu karanga nililalamika, na kwa ukali. Zilikuwa zangu na zilikuwa tamu sana. Walinishangilia.

Jumapili, 9 Machi

Balozi.

Nimelitafakari jina hilo ibada nzima, sikusikia hata neno la mahubiri. Umeme amekufa, nami sitamlilia. Balozi! Mtu wa ulimi laini. Mtu anayejua nini cha kusema, kwa nani, na wakati gani. Mtu anayeingia palipo na moto na kuacha pamepoa. Imewachukua miaka sita, lakini hatimaye wameona.

Nilitaka kuwa na hakika, nikamwuliza Terry nje ya kanisa. Akasema, kwa uso mkavu kabisa, kwamba London nzima hakuna mtu kama mimi wa kuwaleta watu pamoja, na jana walikaribiana kuliko wakati wowote. Nikamwambia na mimi nililiona hilo. Mawimbi aliyekuwa kando yake alilazimika kugeuka na kuegemea ukuta. Wazee hawa hawawezi kusimama muda mrefu.

Beryl nilipomweleza maana ya jina langu jipya alicheka mpaka akakaa katikati ya matufaha na mapeasi, machozi yanamtoka. Akaniita mzee kichwa maji. Amefurahi kwa ajili yangu, na mimi nimefurahi kwamba amefurahi, ingawa kichwa maji sikubaliani nalo na nimemwambia hivyo.

Jina kubwa lina kazi yake. Bi Pargeter na Bi Olney, majirani zetu, hawasemezani tangu mume wa Bi Pargeter afariki, Bi Olney alipoanza kumkwepa, na Bi Pargeter hadi leo hajui kwa nini. Wanapishana wakitoa mapipa ya takataka kama hawaonani. Hakuna aliyewahi kuthubutu kuwakalisha chini. Walikuwa hawana balozi! Nimewaalika wote wawili chai leo saa kumi, kila mmoja bila kumwambia kuhusu mwenzake. Beryl yuko kwa dada yake, kwa hiyo hatanivuruga. Keki nimenunua. Tai nimeipiga pasi.

Nitaanza na Bi Pargeter. Nitamshika mkono, na kwa upole wote nitamweleza kile ambacho mtaa mzima unakijua isipokuwa yeye, kuhusu marehemu na Bi Olney.